Mjomba katuma hela, ila grupuni hayumo

Hivi mnakumbuka zile kadi za mchango za karatasi? Unaletewa mpaka ofisini, mtu anakaa, mnaongea habari za watoto, mnalaumu foleni, halafu ndo anatoa bahasha kama hataki vile. Na kama mwezi umekukalia vibaya unamwambia ukweli mkiwa wawili, yanaisha hapo. Siku hizi unaamka asubuhi unakuta umeadiwa "Kamati ya Harusi ya Nanihii" usiku wa manane, na kabla hujauliza huyo nanihii ni nani orodha imeshapita, jina lako liko namba arobaini na ngapi huko, mbele pameachwa wazi ujaze mwenyewe.

Ile orodha mi naiogopa kwa kweli. Kila anayeahidi anaikopi yote, anaongeza ya kwake, anapesti tena, kwa hiyo inapita siku nzima, na mweka hazina akipokea anakuwekea tiki ya kijani. Hakuna anayekusema, ila umeahidi laki mbili mbele ya bosi wako na mama mkwe wako na tiki huna, utajua mwenyewe unalalaje. Zamani daftari alikuwa nalo katibu tu.

Upande wa hela sina neno, imerahisisha. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 wengi tuliona ni ya kumtumia mama kijijini basi, leo sendoff ya Dar inachangiwa na mtu yuko Mwanza na mwingine yuko Muscat, na wote wanakumbushwa waweke na ya kutolea. Tuliyumba kidogo Julai 2021 serikali ilipoleta tozo ya miamala, muamala mkubwa ulikuwa unakatwa mpaka 10,000 nje ya makato ya kampuni, mweka hazina wetu akatangaza aliye karibu alete keshi mkononi. Septemba wakapunguza asilimia 30, kelele hazikuisha. Na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao hawalali, ndo maana kila baada ya meseji mbili tatu utaona "jina litakalotokea ni fulani, likitokea lingine USITUME".

Sasa kinachoniuma ni hiki. Mjomba wangu yuko Lushoto, ana kitochi. Anabonyeza *150*00#, anafuata maelekezo polepole na miwani yake, hela inafika sawasawa na ya mwenye iPhone. Lakini maongezi yote yako WhatsApp, na yeye WhatsApp hana. Huyu ndo mzee ambaye mahari za ukoo zilikuwa zinapangwa sebuleni kwake, hakuna binti aliyetoka bila yeye kusema neno. Mwaka juzi sendoff ya mpwa wake ikasogezwa wiki moja mbele, mambo ya ukumbi, ikaamuliwa saa tano usiku, mmoja kaandika watu wakaweka dole gumba, imepita. Mjomba akapanda basi kwa tarehe ya zamani. Tukasikia simu yuko stendi ya Magufuli pale Mbezi anauliza nani anakuja kumpokea, ana na gunia la mapeasi.

Hakuna aliyekuwa amemwambia! Kila ukimuuliza mtu, "nilidhani we ndo umempigia".

Alikaa kwangu wiki nzima na wala hakugomba. Akaniuliza tu, hicho kikao mlikalia wapi? Nikamwambia mjomba, kilikuwa kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akauliza tena, mwenyekiti alikuwa nani? Nikabaki nacheka kijinga maana hata mi sijui, yule aliyeandika kwanza sijui ndo mwenyekiti.

Binamu mmoja akasema tumnunulie smatifoni tumalize. Mi sikubali hata kidogo. Mzee wa umri ule apekue meseji mia tatu za amina na maua ya asubuhi njema, bando linaishia humo, eti anatafuta tarehe ya sendoff? Simu ya kupiga anayo, inashika mtandao vizuri tu, ilikuwa ni maongezi ya dakika mbili. Tena vijana wenyewe wenye smatifoni nusu yao wamemyuti grupu, wanafungua siku ya kuuliza ukumbi uko wapi.

Desemba tuna harusi nyingine. Nimeandika grupuni kwamba tarehe isifungwe mpaka mjomba apigiwe, na apigiwe na mtu anayetajwa jina, sio "tumjulishe". Katibu kakubali, ila kuna mmoja kajibu eti tutachelewesha mambo, na wanne wamempa dole.

Orodha imeshaanza kupita. Mjomba katuma elfu hamsini tangu juzi, jina lake nimeliandika mimi na tiki anayo. Huyo anayeogopa kucheleweshwa bado hajaahidi.