Eliya alilishwa kwanza

Katika Biblia, 1 Wafalme 19, nabii Eliya amechoka hadi anaomba afe. Juzijuzi tu alikuwa shujaa wa mlima Karmeli, alikowashinda manabii wa Baali. Sasa amejikunyata chini ya mti wa mretemu, akimkimbia malkia Yezebeli aliyeapa kumuua.

Ninachopenda ni kwamba malaika hamhubirii. Anamgusa, na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anajilaza tena, wala hagombezwi! Anaguswa mara ya pili: ale, maana safari ni ndefu. Maswali ya Mungu yanamngoja kwenye mlima Horebu, mwendo wa siku 40.

Nilipokuwa namuuguza mama, wengi waliniletea mistari ya faraja. Sawa, nawashukuru. Shangazi yeye alileta bakuli la chakula, akaninyang'anya kitambaa mkononi: "Kula, halafu nenda kalale, mwanangu." Nililala na viatu.

Siku hizi nikienda kumjulia hali mgonjwa, namtafuta kwanza anayemuuguza, nimuulize kama amekula.