Daftari la Jumuiya na Wajane Waliosahauliwa

Masomo ya wiki: Matendo ya Mitume 6:1–7, Yeremia 29:5–7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Manung'uniko ya kwanza ambayo Luka anayataja ndani ya kanisa la Yerusalemu hayakuhusu fundisho lolote. Yalihusu chakula. "Hata siku zile wanafunzi walipokuwa wakiongezeka hesabu yao, palikuwa na manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani juu ya Waebrania," kwa sababu wajane wa hao Wayahudi wanaosema Kiyunani walikuwa wakirukwa kwenye mgawo wa kila siku. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga kuwanyima. Watu walikuwa wameongezeka, na mgawo ukabaki mikononi mwa wale waliofahamiana toka mwanzo na kusemezana kwa lugha moja. Wafafanuzi wengi wa Maandiko huona kwamba wajane wale walikuwa wametoka nchi za mbali na waume zao, wakazeekea Yerusalemu bila kaka wala mjomba mjini. Mwenye ukoo hasahauliki hata daftari likimsahau, maana shangazi atapiga kelele. Asiye na ukoo daftari likimruka, basi, amelala njaa.

Sasa tuangalie huku pembezoni mwa Dar es Salaam tunakoishi: Goba, Madale, Bunju, Kivule, Chanika, Kibada. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani; ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, na wengi wao wamekuja kujenga au kupanga huku nje, kwenye yaliyokuwa mashamba ya mihogo, mikorosho na minazi ya Wazaramo. Mtaa mmoja una Mchaga, Mpare, Mhaya, Mnyakyusa, Msukuma, Mgogo, Mmakonde, na katikati yao mzee wa Kizaramo aliyewauzia wote viwanja. Usitafute takwimu za nani ni wangapi. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na binafsi naona ilikuwa busara kuacha.

Sisi waamini tumekuja na mizigo yetu pia. Wamisheni waligawana nchi hii. Wa shirika la Leipzig la Ujerumani walikwenda Kilimanjaro 1893, wa mashirika ya Berlin na Moravian wakaingia nyanda za juu kusini 1891, wa shirika la Bethel wakashika Usambara na baadaye Buhaya. Ndiyo maana hata baada ya makanisa saba ya Kilutheri kuungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963, bado mtu anaweza kuingia usharika wa mjini akasikia kwaya, mapambo na hata namna ya kuomba vikimwambia hapa ni kwa watu wa mkoa gani. Moravian nao wanalijua hilo. Hakuna dhambi katika asili hiyo. Tatizo linaanza pale mgeni wa mkoa mwingine anapokaa benchi la nyuma miezi sita bila mtu kumuuliza anakaa wapi. Na tusidhani kila Mzaramo ni Mwislamu. Kisarawe na Maneromango kuna Walutheri wa Kizaramo toka zama za Wajerumani, na wengine wao ni majirani zetu ambao hatujawahi kuwabishia hodi, kwa kuwa tumeshajijibia wenyewe dini yao.

Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokaa ugenini, waliochukuliwa mateka hadi mji wa Babeli: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Huo mstari wa 5 tumeutii barabara. Nyumba tumejenga, ukuta tumepandisha, geti tumechomelea. Mstari wa 7, unaotuagiza kuutakia mji ule amani na kuuombea, kwa kuwa katika amani yake nasi tutapata amani, tumeuachia mwenyekiti wa mtaa.

Tuanze na ukuta, maana ndiyo salamu ya kwanza mwenyeji anayoipata kutoka kwetu. Shamba la zamani lilikuwa na njia za miguu ambazo hazimo kwenye hati ya mauziano: ya kwenda kisimani, ya kwenda msikitini, ya kutokea barabarani. Mara nyingi lina pia makaburi ya wazee wa muuzaji, mengine bila alama yoyote zaidi ya mti na mawe machache. Kabla fundi hajachimba msingi wa ukuta, rudi kwa muuzaji, mtembee mipaka kwa miguu, na umwite jirani wa kila upande. Uliza mambo mawili: watu wanapita wapi, na nani amezikwa hapa. Njia ya mita mbili, mtu na mkokoteni wapishane, haikupunguzii uungwana wa kiwanja. Kama kuna kaburi, andikeni palepale, mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, kwamba familia itaingia kuzuru na kufyeka, na lini. Wanaokwama ni wale walionunua kupitia dalali, wakajenga mbio, wakajua habari za kaburi siku watu wamesimama getini na majembe. Hapo hata ukiwa na haki yote ya karatasi, umeshaanza ujirani kwa kesi.

Turudi kwenye daftari. Jumuiya nyingi, yaani vikundi vya waamini wa mtaa mmoja, zina daftari la waamini lenye jina la baba, jina la mama, watoto, namba ya simu na ahadi. Linafaa kwa sadaka. Kwa kazi ya Matendo 6 halitoshi, kwa sababu linamwona mwenye nyumba tu. Wanaorukwa ni mpangaji wa chumba kimoja uani, dada wa kazi aliyetoka Singida au Iringa, kijana wa bodaboda, na mlinzi. Mlinzi huyo anaitwa "Masai" mtaa mzima, miaka na miaka, na siku akiugua malaria hakuna anayejua jina lake wala pa kupiga simu. Luka ametuandikia majina ya wale saba mmoja mmoja. Sisi tumeshindwa kumwandika anayelinda geti.

Utaratibu unaofaa ni huu. Watumwe wawili wawili, mmoja mkaazi wa siku nyingi na mmoja mgeni, wapite nyumba kwa nyumba, si zaidi ya nyumba 10 kwa jioni moja, la sivyo inakuwa mbio za karatasi. Waandike jina la kila anayelala pale, simu, mtu wa kupigiwa kukitokea shida, na kama ana umoja wa watu wa kwao utakaomsimamia kwenye msiba. Safu ya kabila isiwepo. Ikishaandikwa, siku ya kugawa itasomwa, hata na mtu mwema. Badala yake ulizeni: nyumba hii kuna mtu asiyesikia vizuri Kiswahili?

Swali hilo linafungua milango ambayo hatukujua ipo. Kwenye nyumba nyingi za huku yuko bibi aliyeletwa na mwanawe kutoka Bukoba, Rungwe au Same baada ya kufiwa au kwa ajili ya matibabu. Mwanawe anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, anarudi saa tatu usiku. Wajukuu wako shule. Dada wa kazi ni Mnyaturu. Bibi anakaa na televisheni asiyoielewa, na mchungaji akija kumwombea, anaitikia amina kwa adabu tu. Mtu kama huyo anahitaji kutembelewa na mama mmoja wa mtaani anayejua Kihaya au Kinyakyusa, aketi naye saa nzima, amsomee Zaburi kwa lugha aliyobatizwa nayo. Kwa hiyo tusikemee kilugha kwa jumla, kama wengine wanavyofanya. Kikao, hesabu, maombi ya pamoja na matangazo viwe kwa Kiswahili, bila pembeni-pembeni. Kumtembelea mgonjwa na mzee, lugha yake ni dawa. Wawili wanaoteta kwa kilugha katikati ya kikao cha fedha, hata kama wanaulizana bei ya mkaa, wote waliobaki wanajua wanasengenywa.

Msiba ndio mtihani wenyewe. Vyama vya watu wa nyumbani vinashughulika na kusafirisha, na vinafanya vizuri: jeneza, gari, wasindikizaji hadi Moshi au Mbeya. Mtaa unabaki na turubai, viti, maji na chakula. Sasa akifa mpangaji asiye na chama? Tumezoea kuuliza kwanza, "Alikuwa anachangia?" Swali hilo ndilo linalomruka mjane. Wekeni kiwango kimoja cha chini kwa yeyote aliyelala mtaani, awe na mwezi mmoja au miaka ishirini: turubai moja, viti 50, mchele kilo 20, maharage kilo 8, sukari kilo 5, gunia la mkaa. Hivyo vitoke kwenye mfuko kabla ya kuzungusha daftari la rambirambi. Anayetaka kumwongezea rafiki yake aongeze kwa mkono wake. Mfuko wenyewe haujazwi siku ya msiba. Shilingi 1,000 kwa kila nyumba kwa mwezi, nyumba 40, ni 40,000. Ndani ya miezi mitano au sita mna kianzio. Unaokufa ni mfuko ambao kila mwenye shida anakopa "nitarudisha Ijumaa". Mfuko wa msiba usikopeshwe.

Jikoni pia pana ujirani. Nunueni masufuria mawili makubwa ya jumuiya, yatiwe alama ya rangi, yasiingie kitimoto hata siku moja, na yasiazimwe kwenye sherehe ambako hamjui kitakachopikwa. Ng'ombe au mbuzi achinjwe na jirani Mwislamu, kama ilivyo desturi ya pwani, ili wote wale. Paulo alisema chakula kikimkosesha ndugu yake hatakula nyama hata milele. Sisi tunaombwa kisu tu. Na msiba ukiwa wa Mwislamu, msisubiri kikao cha Jumamosi. Maziko huwa siku hiyohiyo, mara nyingi baada ya adhuhuri au alasiri. Katibu awe na namba ya imamu au ya mzee wa msikiti, habari ikija saa mbili asubuhi, saa nne kina baba wako kaburini na chepeo, na kina mama wako uani wamejifunga kanga kichwani. Kufika kesho yake na bahasha hakufanani.

Habari ya utani, maana umeleta maneno. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara, Mngoni na Mhehe vilevile, Mchaga na Mpare kila mtu anajua. Mtani akija msibani akakalia kitanda cha marehemu, akadai urithi, ni kazi yake. Anaondoa uzito na mara nyingi ndiye anayechota maji. Vijana waliokulia mjini wasiojua hilo huwaka, kwa hiyo mzee mmoja awaeleze mapema. Lakini utani una pande mbili na wote wawili wanacheka. Mhubiri anayesimama madhabahuni na kusema Wachaga wanapenda hela, Wazaramo wanapenda ngoma, ameshika kipaza sauti ambacho mwenzake hana. Huo ni kusema watu. Na kuhusu ngoma yenyewe: familia ya jirani ikimcheza mwali, nenda siku mbili kabla, na zawadi, uulize itakuwa saa ngapi. Ukienda usiku wa manane na mgambo, umechelewa.

Sasa jibu la mitume. Hawakuwaambia walalamikaji waache ukabila, wala hawakuhubiri umoja wakaishia hapo. Walisema, "chagueni watu saba miongoni mwenu," na mkutano ukachagua Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Ni kweli hata Andrea, mtume, alikuwa na jina la Kiyunani, kwa hiyo jina peke yake halimalizi hoja. Lakini saba kati ya saba, na wa mwisho akiwa mwongofu wa Antiokia, mtu ambaye hata hakuzaliwa Myahudi, ni vigumu kuiita bahati. Mgawo wote, pamoja na wa wajane wa Kiebrania, ulikabidhiwa upande uliolalamika. Kisha Luka anaendelea: "Neno la Mungu likaenea."

Kwetu angalieni nafasi tatu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Zote zikishikwa na watu wa wilaya moja ya nyumbani, hata wawe waaminifu kama malaika, hesabu yao haitaaminiwa, na wao wenyewe wataonewa. Kosa la pili ni baya zaidi: kumchagua mwenyeji mmoja awe "mjumbe" wa kuonekana kwenye picha, asiye na ufunguo wa sanduku wala jina kwenye laini ya simu inayopokea michango. Mpeni uhazini. Laini ya fedha iwe na watu wawili, mmoja akishika simu na mwingine namba ya siri, na salio lisomwe kwa sauti kila kikao cha kwanza cha mwezi, hata likiwa shilingi 3,500.

Jumamosi hii katibu aje na daftari tupu. Wawili wa kwanza waanzie nyumba zilizo mbali na barabara ya lami, na wampitie mlinzi wa geti la jirani kabla ya mwenye geti.