Vile nimefika kujua kama revolva ya kale ilikuwaka kweli ya mtu wa jina

Mi niko Lubumbashi, na kitu nakusanyaka ni habari za revolva za kale za kupiga shabaha, zile zilipita mu mikono ya wapigaji wakubwa. Silaha yenyewe hapana, kuiweka mu nyumba bila karatasi za leta ni kesi, na hata na karatasi singeitaka, watoto wako. Mi nakusanya dosie: foto, kurasa za katalogi za mnada, kopi za barua za fabriki, kila revolva na farde yake, napigisha ku papier juu kuran ikikatika telefone nayo inakufa.

Zile napenda kupita zote ni Smith & Wesson New Model No. 3 Target, za fabriki ya Amerika, walizifanya toka 1887 mpaka 1910. Kubwisha foto utaona kilengeo cha nyuma kiko na ka vis kadogo sana, unakazungusha kidogo risasi inaenda kushoto ao kuume, kazi ya fundi wa saa kabisa. Walter Winans alikuwa anapiga na revolva za Smith & Wesson kule Bisley, uwanja wa kupiga shabaha wa Uingereza. Huyu Mmarekani alizaliwa St Petersburg 1852, akapata dhahabu ya Olimpiki 1908 juu ya kupiga, kisha 1912 ingine juu ya sanamu ya farasi alitengeneza mwenyewe! Mtu wa vile namuheshimu sana.

Sasa jina la mtu linapandisha bei, njo maana naangaliaka mambo pole pole. Jina lenye kuchongwa ku chuma halitoshi, fundi yeyote anaweza kulichonga hata kisha miaka makumi. Naanzia ku namba: iko chini ya mushikio, tena nyuma ya silinda, zote zinapashwa kuwa moja. Kisha naomba barua ya fabriki, ile inasema revolva ilitoka siku gani na ilienda kwa nani, na mara mingi haitaji mpigaji, inataja muuzaji tu, sawa M. W. Robinson wa New York. Kwa hiyo inabakia kutafuta fakture, barua za familia, foto ya mwenyewe akiishika.

Ile ilinifurahisha zaidi ni revolva moja walikuwa wanauza eti ya Ira Paine, ule mpigaji shabaha Mmarekani, mfalme wa Ureno alimupa cheo cha heshima cha chevalier. Namba zilikuwa sawa, jina limechongwa vizuri, nikaomba kopi ya barua wakanitumia bila shida. Tarehe ya kutoka fabriki ilikuwa kisha 1889, na Paine alikufa Paris mwaka ule ule 1889. Nikaandikia nyumba ya mnada kwa heshima, nikawaonyesha tarehe zote mbili, wakajibu asante na wakatosha jina lake mu katalogi. Ile kopi niliiweka mu farde yake, na sasa niko natafuta zile revolva za Nagant za Liège, kule Ubelgiji, binamu yangu anaishi kule na ameahidi kunipigia foto mu museum ya Grand Curtius.