Siku moja Barbados kwa nauli ya 3.50

Saa 12:15 asubuhi, Oistins, mji wa wavuvi pwani ya kusini. Kazi yangu ni kuzungusha wageni kisiwani kwa magari ya abiria, kwa hiyo siku inaanza kwa kuhesabu sarafu. Tangu Aprili 2019 nauli ni dola 3.50 za Barbados, ushuke kituo cha pili au uende mwisho wa njia. Ukibadilisha gari, unalipa upya. Dola 1 ya Marekani ni 2 za hapa, lakini basi la serikali, lile la buluu, halipokei fedha za kigeni wala halirudishi chenji. Ukitoa noti ya 5, imekwenda hiyo. Kila mgeni nampa mafungu yaliyo tayari: sarafu tatu za dola, zile za pembe saba zenye samaki panzi, na mbili za senti 25.

Saa 12:30. Kibao cha kituo ni cha duara, na kimeandikwa "To City" au "Out of City". "City" ni Bridgetown, mji mkuu. Magari yanapita kushoto kama kwetu, ila mgeni akitoka ufukweni hujikuta amesimama upande usio wake, akangoja gari linaloelekea Silver Sands, yaani linalouacha mji. Soma kibao kwanza.

Inakuja ZR namba 11, Hiace nyeupe yenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, namba yake ya usajili ikianza na ZR. Aliyepanda daladala au matatu hahitaji somo: muziki juu, konda mlangoni, kiti cha kukunja katikati. Hapa chenji unapewa. Mzigo mkubwa ndio tatizo, hauna pa kukaa ila mapajani.

Saa 1:30, Bridgetown. Hapa ndipo siku huharibika. ZR za kusini zinaishia karibu na Mto Constitution, jirani na kituo cha mabasi cha Fairchild Street. Mabasi ya buluu ya pwani ya magharibi, Holetown na Speightstown, yako Princess Alice, upande wa pili wa mji. Tenga dakika 15 za kutembea. Ukikosea kituo unaweza kungoja saa nzima basi lisilofika hapo kabisa.

Saa 2:00 hadi 4:30, Speightstown na kurudi. Pwani tambarare, vituo vingi. Kaa upande wa kushoto ukienda, bahari iko huko.

Saa 5:00, Fairchild Street, basi namba 6 la Bathsheba, pwani ya mashariki. Safari hii ndiyo ninayoipenda. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mwamba wa matumbawe, lakini kaskazini mashariki, Scotland District, tabaka hilo limeliwa likaisha na udongo wa mfinyanzi uko wazi. Mvua ikinyesha udongo unateleza chini ya lami, barabara inapasuka na kuzama upande mmoja. Horse Hill ni mteremko mkali. Dereva anashuka kwa gia ndogo, breki anaigusa tu. Kabla hujashuka, muulize saa ya basi la kurudi. Magari huku ni machache, na kuogelea kwenyewe ni hatari kwa mkondo, kwa hiyo usije ukakwama.

Saa 9:30 alasiri, uwanja wa ndege wa Grantley Adams, kupokea wageni wapya. Wanaokwenda magharibi wasipitie mjini: lipo basi la Speightstown linalofuata barabara kuu ya ABC. Njia hiyo imejaa kipilefti, na watu huelekezana kwa hizo; "shuka baada ya Bussa" maana yake ni ile yenye sanamu ya mtumwa aliyekata minyororo. Mwenye masanduku mawili achukue teksi, yenye namba ya Z, akubaliane bei kabla ya mlango kufungwa.

Saa 12:45 jioni, Oistins tena. Ni Ijumaa, samaki wanachomwa na foleni ya magari imeanza tangu barabarani. Shuka kabla ya soko, umalizie kwa miguu.