Siku moja maishani mwangu: tagi ya machipuko na kivuli kilichonitesa

Saa 2 asubuhi
Kompyuta imewaka, chai pembeni, kazi ya leo ni moja tu, tagi ya machipuko yenye jina la mtu. Kwa asiyezijua, tagi ni vile vipicha vya mapambo mtu anavyoweka mwisho wa barua pepe au kwenye profaili yake, maua, fremu, na jina limeandikwa kwa mbwembwe. Jina lenyewe ni Hana. Nikacheka peke yangu, maana likikaa hivyo katikati ya maua lazima ujiulize, hana nini? Haya, kazi ni kazi.

Saa 3
Nimefungua GIMP, programu yangu ya kuhariri picha, turubai mpya pikseli (vile vitone vinavyounda picha) 600 kwa 600 na nyuma nimeacha wazi, siweki nyeupe. Mteja yuko kaskazini mwa dunia kwa hiyo machipuko yake yanaanza Machi, nina mwingine wa kusini ambaye hutaka mapambo hayahaya Septemba. Rangi nimechagua kijani cha majani machanga, pinki iliyopauka na manjano kidogo sana, manjano ikizidi tagi inageuka tangazo la sabuni.

Saa 4 mpaka saa 6
Hapa ndo kazi. Maua ya tulipu niliyonunua pamoja na leseni yake yamekuja makubwa mno, upana zaidi ya pikseli 3000, na mimi nataka ua la 180 tu. Kitu nilichojifunza kwa machozi: punguza mara moja. Ukipunguza, ukaona limekuwa dogo, ukalivuta tena, linakuwa kama unaliangalia kupitia dirisha lenye ukungu, bora ulifute urudi kwenye faili la mwanzo. Likishapungua naliongezea ukali kidogo, si sana, kingo zikianza kung'aa umeshaharibu.

Karatasi ya nyuma nimeiwekea maski. Maski ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu iko katikati, basi unachukua brashi laini nyeusi unapita kingoni na karatasi inayeyuka yenyewe. Ukikosea unapaka nyeupe, hakuna kilichopotea.

Saa 7 mchana
Vivuli. Kila kitu nakipa kivuli cha kwenda kulia na chini, karatasi pikseli 2 tu kwa sababu imelala, maua pikseli 5 na kivuli chake nakitia ukungu zaidi kwa sababu yamenyanyuka. Shada la kushoto likatoka zuri mpaka nikajisifu. Nikalikopi, nikaligeuza kama kioo, nikaliweka kulia, dakika moja nimemaliza, nikaenda kula.

Saa 9
Nimerudi, naiangalia, kuna kitu hakikai sawa na sikijui. Nikabadilisha fonti. Nikasogeza kipepeo. Nikalaumu ile pinki. Karibu saa nzima nahangaika na vitu visivyo na kosa, mpaka nikazumu kwenye petali moja nikaona kivuli cha shada la kulia kinaenda kushoto! Nilikuwa nimeunganisha kivuli na ua kwenye leya moja, yaani tabaka moja la picha, kabla ya kugeuza, kwa hiyo kikageuka nalo, na tagi yangu ikawa na majua mawili. Mtazamaji hawezi kukuambia kosa ni nini ila jicho lake linakataa. Nikafuta shada zima, nikageuza maua matupu kwanza, kivuli baadaye. Dakika kumi.

Saa 10 na nusu
Jina kwa fonti ya mwandiko, mstari mdogo wa hakimiliki ya mchoraji chini pembeni, nikasevu XCF, faili la GIMP lenyewe, ili leya zote zibaki, halafu nikatoa PNG, picha inayotunza uwazi, nikatuma. JPG hapana, ile haijui uwazi, itakujazia nyuma rangi.

Saa 12 jioni
Mteja kafurahi sana. Ila anauliza, kipepeo hawezi kupiga mabawa? Anaweza mama, ila sasa tunaingia kwenye GIF, aina ya picha inayoweza kucheza, na GIF ni ya mwaka 1987, rangi 256 tu kwa fremu, yaani kila picha moja ya mchezo huo, na pikseli kwake iko au haipo, hakuna nusu. Vile vivuli vyangu laini vikageuka masizi yenye meno. Ikabidi nimuulize ataiweka juu ya rangi gani, akasema krimu, nikaweka krimu nyuma ya kila kitu na vivuli vikatulia. Kipepeo nikamfanyia fremu tatu, ya pili nimembana upana na ya tatu nimembana zaidi, milisekunde 150 kila moja. Anapepea kweli jamani, nilimtazama kama dakika tano.

Saa 3 usiku
Ujumbe: "Samahani dada, nimekosea, jina lina n mbili. Hanna."

XCF ipo, leya ya maandishi bado ni maandishi. Nikaongeza n, herufi ya mwisho ikamgonga kipepeo bawani, nikamsogeza pikseli 12 kwenye fremu zote tatu, nikatoa PNG mpya na GIF mpya, nikatuma, nikazima kompyuta kabla hajajibu.