Foleni ya dharura ijaribiwe kwanza kwenye kompyuta

Kila ninapozungumza na wahudumu wa idara za dharura hapa Moshi na Arusha kuhusu msongamano, ombi lao la kwanza huwa ni kuongezewa vitanda na madaktari. Ombi hilo ni la haki, lakini naamini kwamba kabla ya fedha kutumika idara ingefaa kuigwa kwenye kompyuta, kwa kuwa pale foleni inapoonekana mara nyingi sipo inapoanzia.

Katika uigaji, programu huzalisha wagonjwa wa kubuni wanaofika kwa nyakati zisizotabirika. Kila mmoja hupewa rangi kulingana na uzito wa hali yake, kisha hupita kwa muuguzi, daktari, maabara na eksirei, akisubiri kila anapomkuta mhudumu ana mtu mwingine. Siku nzima ya kazi huisha kwa sekunde chache, na mpango mbaya haumdhuru mtu yeyote.

Hesabu za foleni, ambazo mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alizianzisha mwaka 1909 akichunguza mawasiliano ya simu, zinafichua jambo ambalo wengi hawalitarajii. Katika mfano rahisi kabisa wa daktari mmoja, akiwa na shughuli kwa asilimia 80 ya muda wake, kwa wastani kwake kuna wagonjwa 4, pamoja na yule anayehudumiwa. Akifikia asilimia 90 wanakuwa 9, na akifikia asilimia 95 wanakuwa 19. Ratiba isiyomwachia mhudumu nafasi yoyote ndiyo inayozalisha foleni.

Hata hivyo, chanzo kikubwa zaidi huenda kiko wodini. Mgonjwa aliyekwisha kuamuliwa alazwe, ilhali wodi imejaa, huendelea kukalia kitanda cha dharura, na daktari wa ziada hawezi kukifungua. Hapo uigaji unaweza kulinganisha daktari huyo na hatua isiyo na gharama kubwa, kwa mfano kuwaruhusu wagonjwa waliopona waende nyumbani asubuhi badala ya alasiri, ili nafasi ipatikane kabla majeruhi wa bodaboda hawajaanza kuletwa jioni.

Programu si kikwazo, kwani SimPy, zana ya uigaji inayotumia lugha ya kompyuta ya Python, hupatikana bure na huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Kinachohitajika ni daftari la mapokezi lenye nyakati nne kwa kila mgonjwa: saa aliyofika, aliyoonwa na daktari, uliyotolewa uamuzi wa kumlaza au kumruhusu, na aliyoondoka idarani. Saa hizo ziandikwe usiku na mwisho wa juma pia, maana kielelezo kilichojengwa kwa takwimu za mchana pekee kitatupotosha kuhusu zamu zenye watumishi wachache zaidi.