Jumamosi ya Katuba na mi-solo ndani ya roki

Jumapili, mchana. Ncha za vidole bado zinawaka.

Jana usiku tulipiga Katuba, hapa Lubumbashi, kwenye terasi ya mama mmoja anayejua vizuri kwamba sisi ni watu wa roki na bado anatuita. Sharti lake ni hili: tuanze na rumba, ili wazee wakae, waagize bia yao ya Simba, wasikimbie mapema. Baadaye uwanja ni wetu. Wenzangu wengine hulinung'unikia sharti hilo. Mimi nalipenda. Mtu aliyekwisha kukusikia ukipiga rumba safi hukupa nafasi unapokanyaga pedali na gitaa kuanza kunguruma. Anajua kwamba ngurumo ile umeichagua.

Kulikuwa na mzee kwenye meza iliyopakana na bafu, yaani spika kubwa, mahali ambapo mwingine angehama kwa kelele. Tulipopumzika aliniita. "Kijana, ule mwenzako wa katikati, mi-solo yake niko naisikia. Muiongeze. Njo ile inabeba wimbo." Kisha akarudi kwenye chupa yake. Tangu jana nayarudia maneno hayo kichwani, kwa sababu ndiyo kazi tunayohangaika nayo siku zote na hakuna aliyewahi kuitaja waziwazi mbele yetu.

Katika rumba yetu magitaa hugawana kazi. Akompanyema inashika mwendo, solo inapaa juu, na katikati inapita mi-solo, kifungu kifupi kinachozunguka bila kuchoka hadi miguu ya watu ikifuate. Roki tuliyoipokea kutoka Uingereza na Marekani haina mahali pa gitaa hilo. Ukiongeza distosheni, ile ngurumo ya pedali, sauti nzito ya akompanyema inatanuka na kujaza pale pale katikati, mi-solo inazama. Mwenzetu anayeipiga alilelewa kwenye kwaya na hawezi kupiga kitu kingine kwa moyo. Nami sitaki apige kitu kingine. Kwa hiyo akompanyema tunaipunguzia uchafu wa sauti, tunaiondolea besi kidogo kwenye ampli, na naacha mwanya kila mwisho wa kifungu ili yeye apite. Mpiga batri, yaani ngoma za bendi, naye anapunguza matoazi. Roki inayobaki ni nyembamba kidogo kuliko ya kwenye rekodi za wageni, lakini inatembea. Nasema bila kusita: ndiyo roki ninayoitaka.

Watu wa mji huu wana sikio la gitaa. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952 ilikuwa hapa jirani, Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mtu mmoja na gitaa kavu, lisilo la umeme, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikiimba juu, na ukisikiliza unaapa wako wawili. Baba yangu mkubwa anapiga hivyo hadi leo, na ndiye aliyenifundisha. Ndiyo maana mimi kwenye gitaa la umeme situmii medyatori, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. Nashika nyuzi nene kwa gumba, hata kwenye nyimbo kali kabisa, na distosheni inakuja na mdundo wa ndani ambao medyatori hainipi. Baba mkubwa alikuja kutusikiliza zamani kidogo, akakaa hadi mwisho, akasema tu, "Gumba lako linasikika." Sijapewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Roki yenyewe niliipata barabarani. Kazi yangu ya kila siku ni makaratasi ya forodha, na kazi hiyo inanipeleka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenye foleni ya malori ya shaba na kobalti ambapo dereva anaweza kulala na kuamka mahali pale pale. Dereva mmoja Mzambia alikuwa akipiga kwenye kabini yake muziki wa kwao wa miaka ya 1970: WITCH, Amanaz, Paul Ngozi. Nilisimama na faili mkononi hadi wimbo ukaisha. Gitaa limechafuliwa hasa, lakini ngoma chini yake ni za nyumbani. Vijana wa miji ya shaba, Kitwe na Ndola, si mbali na mpaka wetu, walifanya hivyo kabla sijazaliwa. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka hiyo, pesa ikapotea mjini na bendi zikafifia. Sisi tunaoishi na shaba tunaelewa jambo hilo bila kuelezwa. Kwa hiyo mtu akiniambia roki ni kitu cha wazungu kilichopotea njia kikafika Lubumbashi, namwambia apande taksi hadi mpakani na asikilize upande wa pili.

Mengine ya jana ni ya kawaida. Kura, yaani umeme, ilikatika, grupe (jenereta) ya mama ikawashwa, na ilichoweza kubeba ni ampli mbili, mikro na taa moja, basi tukaimba karibu na watu zaidi. Malipo tuliyagawa baada ya kutoa kodi ya batri na bafu. Kilichobaki kilitosha taksi na mikate ya njiani. Mpiga batri alitaka tumalize kabla ya saa sita, maana leo asubuhi alikuwa na ibada. Huko kanisani wapo wanaosema roki ni ya shetani. Yeye hubishana nao kwa upole, na bado kila Jumapili yuko nyuma ya batri ya kanisa, mahali alipojifunzia. Namheshimu sana kwa kutoacha upande wowote.

Sasa tuna wimbo mpya, na ubishi. Unaeleza habari za wachimbaji wadogo, unaanza taratibu kwa gumba peke yake, na unafika mahali ambapo kwa roki ya kawaida ungelipuka na kwisha. Mwenzetu wa mi-solo anataka pale pafunguke sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ndefu, watu wainuke. Mwimbaji anaogopa kwamba maneno mazito hayapaswi kuchezewa. Mimi nimekaa hapa na gitaa kavu nikijaribu pande zote mbili, na kila nikifika pale mkono wangu unaenda kwenye sebene wenyewe. Hapa Katanga hata msibani watu huimba na kucheza. Jumatano kwenye mazoezi nitamwomba mwimbaji tuijaribu mara moja, kwa sauti ya chini, yeye aendelee kuyaita majina ya waliofukiwa machimboni juu ya magitaa.